Jimbo la Chubut: mto mmoja, upepo, na haki ya kuamua



Katika mabishano ya siku ya posho iliyopita, wanafunzi wa kilasi ya ine waliuliza swali ambalo halikupata jibu zuri: jimbo ni nini? Ni rangi tu kwenye karte, ao ni watu wenye haki ya kuamua mambo yao? Wengi walijibu kwa mfano wa inchi yetu, ambayo tangu mwaka 2015 iko na majimbo 26 mahali pa 11, na mara moja makelele yakazidi, kila mtu akitetea kwao. Ndiyo maana sisi wa kilasi ya sita tumechagua kueleza jimbo la mbali sana, ambako hakuna mmoja wetu mwenye mjomba katika serikali. Jimbo hilo linaitwa Chubut. Liko katika inchi ya Ajentina, upande wa kusini, katika eneo kubwa linaloitwa Patagonia. Haliko katika programu ya mtihani wa Serikali, kwa hiyo wale wenye kusoma kwa ajili ya pointi peke yake wanaweza kupita ku ukurasa wa michezo.

Chukueni karte ya Amerika ya Kusini. Chubut ni mkanda wa inchi unaolala toka milimani hadi baharini. Mpaka wake wa kaskazini ni mstari wa digri 42 za latitudo ya kusini, na ule wa kusini ni digri 46. Mistari hiyo miwili ilichorwa kwa rula, sawa na mingi tunayoijua katika karte ya Afrika. Magharibi kuko milima ya Andes na inchi ya Chile. Mashariki kuko bahari ya Atlantiki. Ukubwa wake ni kilometa mraba 224,686, ni kusema inapita Rwanda nzima mara nane. Lakini Rwanda iko na watu zaidi ya milioni 13, na Chubut, katika hesabu ya mwaka 2022, ilikuwa na watu karibu 600,000 tu. Mtu anaweza kusafiri ndani ya gari saa nyingi bila kuona moshi wa jiko hata moja.

Sababu ni maji. Upepo wa kule unatoka katika bahari ya Pasifiki, upande wa magharibi. Ukifika kwenye Andes unapanda, unapoa, na mvua yote inaanguka juu ya milima. Huko mvua inapita milimeta 1,000 kwa mwaka. Kuko maziwa ya buluu, misitu na theluji. Katika hifadhi ya Los Alerces, ambayo UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2017, kuko mti wa aina ya alerce wenye miaka karibu 2,600. Mti ule ulikuwa umekwisha kuwa na miaka mia sita wakati Yesu alipozaliwa. Kisha upepo unashuka upande wa pili ukiwa mkavu. Juu ya uwanda wa katikati, wanaouita meseta, mvua ya mwaka mzima ni milimeta 200 hivi. Kwetu hiyo ni mvua ya mwezi mmoja mzuri. Vinavyoota pale ni vichaka vifupi vya miiba, na upepo haukomi. Wanaoweza kuishi humo ni kondoo, na guanako, mnyama mwenye kufanana na ngamia mdogo asiye na nundu, na ndege nandu aliye sawa na mbuni.

Ukiendelea mbele mpaka pwani unakuta ghuba na rasi. Rasi ya Valdés, iliyoandikwa na UNESCO mwaka 1999, ni mahali ambapo nyangumi wanakuja kuzaa na kulea watoto kuanzia mwezi wa sita hadi mwezi wa kumi na mbili. Tembo wa bahari wanalala kwenye mchanga sawa na magunia ya mihogo. Huko Punta Tombo pengwini wanachimba matundu yao kwa maelfu na maelfu. Na kwa wale wa kilasi za chini wanaopenda wanyama wa kale: ni katika jimbo hilo mifupa ya Patagotitan ilipochimbwa, moja ya wanyama wakubwa kupita wote waliotembea juu ya inchi kavu. Wataalamu walimpa jina mwaka 2017, na urefu wake unakadiriwa kuwa zaidi ya metre 30. Jumba la kumbukumbu ya wanyama hao liko katika mji wa Trelew.

Sasa mto. Mto Chubut unaanza milimani, kidogo kaskazini ya mpaka, katika jimbo jirani la Río Negro, unakata meseta yote, na nyuma ya kilometa 800 hivi unaingia baharini karibu na Rawson, mji mkuu wa jimbo. Si mto mkubwa. Mtu aliyeona Lualaba angecheka. Lakini katika ukame ule mto mdogo unaamua nani ataishi na nani ataondoka, na historia yote ya jimbo inafuata maji yake.

Mbele ya Wazungu kulikuwa na watu wenyewe wa inchi, Watehuelche, wawindaji wa guanako, waliohama na mahema ya ngozi toka pwani hadi milimani. Upande wa Andes, kulikuwa pia na Wamapuche. Ilikuwa inchi yao bila mpaka wa rula. Wahispania walijaribu kuweka ngome kwenye pwani, lakini haikushika.

Walioshika ni watu ambao sisi, wana wa shule ya Kiprotestanti, tutafurahi kuwajua. Walitoka Wales, inchi ndogo ya Uingereza ambayo vitabu vyetu vya Kifaransa vinaiita Pays de Galles. Walikuwa Waprotestanti wa makanisa huru, lakini sheria iliwataka walipe kanisa la serikali. Mashamba yalikuwa ya matajiri. Na kura ilipigwa mbele ya watu wote, kwa kutaja jina la unayemtaka. Nyuma ya uchaguzi wa mwaka 1859, wapangaji kadhaa walifukuzwa mashambani karibu na mji wa Bala, sababu hawakumpigia kura mtu wa bwana wao. Shuleni tena, mtoto aliyesema lugha ya mama yake alivalishwa kipande cha mti shingoni. Kipande kile kilipita toka mtoto hata mtoto, na aliyekuwa nacho jioni alipigwa. Wasomaji wetu hawahitaji maelezo marefu juu ya desturi hiyo. Katika shule nyingi za Afrika wazee wetu waliijua, na wengine wangali wanaijua.

Mchungaji mmoja wa Bala, Michael D. Jones, alifikiri hivi: kama watu wake wanakwenda Amerika ya Kaskazini wanapotea ndani ya Waingereza, basi watafute fasi tupu, wajitawale, wasali na kufundisha kwa lugha yao. Masikilizano yalifanywa na waziri wa mambo ya ndani wa Ajentina, Guillermo Rawson. Tarehe 28 Mei 1865 mashua Mimosa iliondoka Liverpool na watu karibu 150, na tarehe 28 Julai ikafika mahali ambapo leo ni mji wa Puerto Madryn. Kumbukeni kwamba mwezi wa saba kule ni katikati ya baridi. Hapakuwa nyumba wala mti wa kukata, na maji ya kunywa hayakuwapo. Waliambiwa watakuta inchi ya majani mabichi kama kwao. Walikuta vichaka na chumvi. Wanaume walitembea kilometa 60 hivi kufikia bonde la mto Chubut, wengine wakapotea njiani.

Walipanda ngano, ikakauka. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Serikali ya Buenos Aires iliwatumia chakula, na wengi walitaka kuacha yote. Watehuelche ndio waliowafundisha kuwinda na kutumia farasi, na walibadilishana nyama na ngozi kwa mkate. Neno moja la Kiwelisi ambalo Watehuelche walilijua mapema ni bara, ni kusema mkate. Kisha, mwaka 1867, Aaron Jenkins alichimba mfereji mdogo toka mtoni mpaka shamba lake, na husimuliwa kwamba ni bibi yake Rachel aliyempa shauri hilo alipoona maji ya mto yamepanda kupita udongo. Ngano ikaota. Toka siku ile walichimba mifereji mirefu, kwa majembe na mikono, hata bonde lote likawa kijani. Ngano ya Chubut ilipata tuzo Paris mwaka 1889 na Chicago mwaka 1893.

Lakini jambo linalogusa swali letu ni namna walivyojitawala. Walichagua raisi wao na baraza la watu kumi na wawili. Kura ilikuwa ya siri, wakati Uingereza yenyewe iliipata kura ya siri mwaka 1872 tu. Na waliopiga kura ni kila mtu aliyefika miaka 18, wanaume na wanawake. Tunapenda wasichana wa shule yetu wasome sentensi hiyo mara mbili. Mambo waliyoamua hayakuwa makubwa: nani anafungua mlango wa mfereji, siku gani, nani anasafisha matope, nani ameiba zamu ya maji ya jirani. Kwa maoni yetu ni hapo serikali inapojifunzwa, kwa sababu mwenye kuiba zamu ya maji anaonekana mara moja.

Mwaka 1884 mambo yakageuka. Ajentina ilikuwa imetuma jeshi lake kusini katika vita walivyoviita vya kushinda jangwa, kana kwamba jangwa halikuwa na watu. Wamapuche na Watehuelche waliuawa, wakafungwa, ao wakapelekwa mbali kutumikia nyumba za watu. Viongozi wa Wawelisi walimwandikia jenerali kuwaombea jirani zao, bila faida kubwa. Mwaka ule ule wa 1884, katika fujo hiyo, Wawelisi watatu waliuawa na wapiganaji katika bonde moja la meseta. Wa nne, John Daniel Evans, aliokoka kwa sababu farasi wake Malacara aliruka genge. Kaburi la farasi yule linaonyeshwa mpaka leo katika mji wa Trevelin.

Kaburi lingine lenye kuonyesha wakati huo ni la Inacayal. Alikuwa chifu aliyempokea vizuri mpelelezi Francisco Moreno katika safari zake. Nyuma ya vita Inacayal alifungwa, na Moreno akamtoa gerezani, lakini akamweka katika jumba la kumbukumbu la La Plata, pamoja na jamaa zake, na alikufa humo mwaka 1888. Mifupa yake ikawekwa pamoja na vitu vya maonyesho. Ilirudishwa kwa watu wake huko Tecka, katika Chubut, mwaka 1994. Miaka 106! Wenye kusoma historia ya Kongo wanajua kwamba si Ajentina peke yake iliyochukua mabaki ya watu na kuyaweka katika makabati.

Sheria nambari 1532 ya mwaka 1884 ilifanya Chubut kuwa «eneo la taifa». Hapa tunaomba muwe makini, kwa sababu ndio moyo wa mambo. Eneo la taifa halikuwa jimbo. Gavana wake alitumwa na Raisi toka Buenos Aires. Wa kwanza alikuwa afisa Luis Jorge Fontana. Wakaaji walilipa kodi na kufanya kazi ya jeshi, lakini hawakumchagua gavana, hawakuwa na wabunge, na hawakupiga kura ya Raisi. Walichobaki nacho ni mji: Gaiman ilipata halmashauri yake mwaka 1885. Watu waliokuwa wamejitawala miaka ishirini wakawa tena wenye kutawaliwa. Polepole shule zikawa za Kihispania, na lugha ya Kiwelisi ikabaki kanisani, nyumbani, na katika mashindano yao ya nyimbo na mashairi, yanayofanywa mpaka leo.

Inchi iliendelea, hatusemi hapana. Reli kutoka Puerto Madryn ilifika bondeni, na mji wa Trelew ukazaliwa pale, wenye jina la Lewis Jones, mmoja wa viongozi wa kwanza: tre kwa Kiwelisi ni mji. Fontana alipanda farasi mwaka 1885 pamoja na vijana wa bonde, akafika milimani, na koloni la pili likaanzishwa huko. Mwaka 1899 mto ulifurika ukabeba nyumba na makanisa. Mwaka 1902 zaidi ya watu 200 walikata tamaa wakahamia Kanada. Mwaka ule ule wa 1902, Ajentina na Chile zikiwa katika matata juu ya mpaka wa Andes, mwamuzi toka Uingereza, Thomas Holdich, alifika Trevelin, na tarehe 30 Aprili wakaaji walikusanyika katika shule kusema wanataka inchi gani. Walisema Ajentina. Ni ajabu kidogo: waliulizwa juu ya mpaka wa inchi mbili, na hawakuwa na haki ya kuchagua gavana wao wenyewe.

Kulikuja pia watu toka Afrika. Nyuma ya vita vya Waingereza na Maburu vilivyoisha mwaka 1902, familia za Maburu toka Transvaal na Orange zilihamia karibu na Comodoro Rivadavia, kusini ya jimbo. Walilia kwa kukosa maji sawa na wote. Mji ule wenyewe ulikuwa na kiu, na serikali ilileta mashine ya kutoboa udongo. Tarehe 13 Desemba 1907 mashine hiyo ilitoa mafuta ya petroli mahali pa maji. Leo Comodoro Rivadavia ndio mji mkubwa kupita yote ya Chubut, na maji yake ya kunywa yanatoka mbali sana kwa bomba.

Mafuta yalikuwa mali ya taifa. Mwaka 1944 serikali ilikata sehemu ile yote kuifanya eneo la jeshi, mpaka 1955. Watu wa maeneo ya taifa walipiga kura ya Raisi mara ya kwanza mwaka 1951. Na tarehe 28 Juni 1955, sheria 14,408 ilifanya Chubut kuwa jimbo kamili. Katiba yake iliandikwa mwaka 1957, na gavana wa kwanza aliyechaguliwa, Jorge Galina, aliingia mwaka 1958. Hesabuni wenyewe toka 1884. Nyuma ya pale, askari walipopindua serikali ya taifa mwaka 1966 na tena 1976, bunge la Chubut lilifungwa. Ni katika kambi ya jeshi la maji karibu na Trelew, tarehe 22 Agosti 1972, wafungwa wa siasa 19 walipigwa risasi, 16 walikufa. Uchaguzi huru ulirudi mwaka 1983.

Leo jimbo linatawaliwa hivi. Gavana anachaguliwa na wakaaji wote moja kwa moja, kwa miaka ine. Bunge ni moja, lenye wabunge 27: chama kilichopata kura nyingi kinachukua viti 16, vingine vinagawana 11. Kuna mahakama kuu ya jimbo. Kuna wilaya 15 kwenye karte, lakini hizo hazitawali. Wenye kutawala chini ni halmashauri za miji na za vijiji. Chubut inatuma wajumbe 3 katika baraza la Seneti la taifa na 5 katika lile lingine. Kwetu ni namna nyingine: Katiba ya mwaka 2006 inasema gavana anachaguliwa na wabunge wa jimbo, si na sisi wakaaji, na utajiri wa chini ya udongo uko katika mikono ya Serikali ya taifa, ingawa majimbo yanatakiwa kubaki na sehemu 40 kwa mia ya mapato. Ajentina iligeuza Katiba yake mwaka 1994, na kifungu cha 124 kinasema utajiri wa asili ni mali ya majimbo yenyewe. Kwa hiyo kama feza, dhahabu ao petroli iko chini ya Chubut, neno la kwanza ni la Chubut.

Tulipofika hapa katika kusoma, wengine kati yetu walipiga makofi. Ngojeni kwanza.

Kuwa na mali si kuwa na feza mfukoni. Chubut iko na petroli, iko na kiwanda cha aluminiamu cha Puerto Madryn kilichoanza mwaka 1974, chenye kupokea umeme wa bwawa la Futaleufú toka milimani kwa waya za kilometa 550 hivi. (Tunamwacha msomaji akumbuke waya za Inga.) Pamoja na hayo, jimbo lilikopa sana, na kuanzia mwaka 2018 mishahara ilikawia. Waalimu waligoma miezi na miezi, na watoto wa shule za serikali walipoteza masomo mengi, mwaka 2019 zaidi. Hilo hatuna haja ya kulieleza kwa waalimu wetu.

Ni katika njaa hiyo ya feza makampuni ya madini yalizungumza kwa nguvu. Lakini matata yalianza mbele. Katika mji wa Esquel, chini ya Andes, kampuni moja ilitaka kuchimba dhahabu kwa sianidi, ile sumu inayotenga dhahabu na jiwe. Wakaaji waliogopea maji yao, wakadai kuulizwa. Tarehe 23 Machi 2003 waliulizwa kwa kura, na 81 kwa mia walisema hapana. Siku chache nyuma, mwezi wa ine, bunge la jimbo lilipitisha sheria 5001, iliyokataza migodi ya madini ya wazi na matumizi ya sianidi katika uchimbaji. Lakini sheria hiyo iliacha mlango mdogo: fasi fulani zinaweza kutengwa baadaye ambako katazo halitashika.

Katika wilaya ya Gastre, juu ya meseta, kuko Navidad, moja ya hazina kubwa za feza duniani ambazo hazijachimbwa, pamoja na risasi. Watu wa kule ni wachache na maskini, wafuga kondoo, wengi Wamapuche na Watehuelche. Na si wote wanaokataa mgodi. Kuna baba anayesema: mwanangu ameondoka kutafuta kazi pwani, mgodi ungemrudisha. Hatuwezi kumcheka mtu huyo. Wengine wanajibu: maji ya kisima changu yakiharibika, kazi ya miaka ishirini itanifaa nini nyuma yake? Sisi tunaotoka karibu na machimbo tumesikia maneno hayo yote mawili katika nyumba moja, mezani.

Katiba ya Chubut inaruhusu wakaaji wenyewe kupeleka sheria bungeni, wakipata sahihi za 3 kwa mia ya wapiga kura. Mwaka 2014 walikusanya zaidi ya 13,000 ili kufunga ule mlango mdogo. Bunge lilichukua karatasi yao, likageuza maneno yake, likapitisha kitu cha kufungua mahali pa kufunga. Siku ile mpiga picha alipiga picha ya simu ya mbunge mmoja wakati wa kikao: meneja wa kampuni ya madini alikuwa anamtumia ujumbe juu ya maneno ya sheria yenyewe. Sheria ile haikudumu. Mwaka 2020 wakakusanya sahihi tena, zaidi ya 30,000. Mwezi wa tano 2021 bunge likaikataa bila hata kuijadili.

Kisha tarehe 15 Desemba 2021, kwa kura 14 juu ya 11, bunge lilipitisha sheria ya kutenga wilaya za Gastre na Telsen ili migodi iingie. Watu walitoka barabarani siku hiyo hiyo, Rawson, Trelew, Puerto Madryn, Esquel. Wavuvi, waalimu, wanafunzi. Polisi walipiga risasi za mpira. Nyumba ya serikali na majengo mengine yalichomwa. Hatuwezi kusifu moto: ndani ya majengo yale kulikuwa na karatasi za wakaaji wenyewe. Lakini lazima kusema pia kwamba sahihi elfu thelathini zilikuwa zimepelekwa kwa heshima, na zikawekwa pembeni. Tarehe 20 gavana Mariano Arcioni alitangaza kuiondoa sheria ile, na siku iliyofuata bunge likaifuta, wabunge wale wale waliokuwa wameinua mkono mbele ya wiki moja.

Jambo moja tena tuliloliona katika hesabu. Wilaya za Gastre na Telsen ziko na watu wachache sana; wengi walioandamana wanakaa pwani na bondeni, wanaokunywa maji ya mto Chubut. Nani alikuwa na haki kupita mwingine ya kuamua juu ya meseta: wanaokaa juu yake, ao wanaokunywa maji yanayopita chini yake? Na Wamapuche na Watehuelche, ambao Katiba ya 1994 inasema walikuwa pale mbele ya taifa na wanapaswa kushirikishwa katika mambo ya utajiri wa inchi yao, mara nyingi walisikia habari zikiwa zimekwisha kuamuliwa. Katika kilasi yetu tulibishana juu ya hilo mpaka kengele ya kuzima taa, na hatukusikilizana.

Mwaka 2023 Ignacio Torres alichaguliwa kuwa gavana, kwa muhula unaofika Desemba 2027. Mpaka mwaka 2024 sheria 5001 ilikuwa imesimama pamoja na mlango wake mdogo, na feza ya Navidad ilikuwa ingali chini ya udongo.